Ijumaa ya Vidonge Sita

Kichefuchefu: litamke polepole
uone linavyopanda,
che-fu, che-fu, silabi zinarudi
kama tonge lililokataa njia.
Aliyeliunda neno hili alikuwa amejishika tumbo.

Nilipohamia Dundee nililaumu upepo wa mto Tay.
Vidole vikivimba alfajiri, nikasema ni baridi.
Kumbe ni baridi kweli, ila si ya huku:
baridi yabisi,
haina dirisha la kuifungia nje,
imelala nami, na huamka kabla yangu.
"Mwili wako unajipiga wenyewe," daktari akasema,
kama jirani aliyeniletea habari za nyumba yangu.

Basi vidonge sita vya manjano,
vidogo mfano wa mbaazi,
mara moja kwa wiki, baada ya chakula cha usiku.
Nesi Eilidh aliandika IJUMAA kwenye kijitabu,
akaipigia mstari mara mbili:
si kila siku, umenielewa? Ijumaa.

Ijumaa! Siku yangu ya kufukiza udi.
Sasa udi umehamia Jumatano.

Jumamosi dunia nzima inanuka.
Kitunguu cha ghorofa ya chini.
Siki ya duka la chipsi.
Blanketi. Sabuni. Sufu ya koti lililolowa.
Hata maji, nakuapia,
maji ya bomba yananuka bomba.

Nimejaribu tangawizi mbichi, ya kusaga,
na ya biskuti alizoniletea Morven wa mlango wa pili.
Nimenusa limau hadi pua ikawa chachu.
Mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani,
uji mwepesi kijiko kwa kijiko,
dirisha wazi, Novemba, nimejifunga kanga mbili.
Morven akaniuliza kwa kunong'ona kama nina mimba.
Miaka hamsini na mitatu!
Nilicheka hadi ikabidi nikimbie.

Mstahimilivu hula mbivu. Sawa.
Ila msiniletee hiyo mbivu Jumamosi.

Usiku mmoja nilimkosa Shekue ndani.
Nikamkuta ngazini,
kavaa koti na kofia, sahani mapajani,
anakula samaki wa kukaanga gizani.
"Unafanya nini hapa?"
"Nakula," akasema,
akaifunika sahani kwa kiganja kama mtoto aliyedokoa.
Miaka ishirini na sita ya ndoa,
na maneno matamu si fani yake.
Nikaketi ngazi ya juu, upande upepo unakotoka,
hadi akamaliza mwiba wa mwisho.

Wiki ya tano nilivihesabu, sita,
nikavirudisha chupani.
Jumatatu nikampigia Eilidh, tayari kugombezwa.
Hakugomba. Akasema wengi hufika hapo.
Akazungumza na daktari,
wakaniongezea siku za foliki,
wakanipa na kidonge cha kutuliza tumbo.
Haikuisha. Ilipoteza makali,
kama kisu kilichokata ndimu nyingi.

Na kulikuwa na chupa ya achari
aliyonitumia dada yangu kutoka Tanga.
Kifuniko kilinishinda tangu Machi.
Sikumwomba mtu anifungulie.
Niliipangusa vumbi tu, nikairudisha rafuni,
kila wiki, kama picha ya marehemu.

Wiki ya tisa, Jumapili, naipangusa,
mawazo yangu yako kwenye bili ya umeme,
mkono ukazungusha.
Tak.
Mkono wangu. Huu huu.

Halafu harufu: ndimu, pilipili, haradali,
jua zima la uani kwetu
likanipanda kooni.

Shekue alinikuta nimeinamia sinki,
mate, machozi, nacheka,
na kifuniko nimekifumbata,
hata alipojaribu kukichukua
sikumpa.