Shahidi wa Pili

Kiti changu ki nyuma ya rubani, hakina dirisha.
Kisumu naiona kwa tarakimu:
mwendo, kimo, joto, pembe ya bawa,
zinabadilika mara ishirini kwa sekunde
nami nimekatazwa kupepesa.
Upepo hauna sura, lakini una mwandiko.

Juu ya Dunga, saa mbili na robo,
mwendo: tisini na sita.
Sabini.
Thelathini na moja.
Sufuri.

Nikaisikia pumzi ya Ogalo ndani ya visikizio,
mkono wake ukitaka kuisukuma pua chini,
majini, kuinusuru ndege ambayo haikuwa ikianguka.

"Tulia. Pembe ni nyuzi nne, haijatikisika.
Mrija ndio umeziba."
Sikujua kama najua. Nilisema kwa sauti
ya mamangu akihesabu chenji mbele ya mteja mkali.

Injini haikubadili neno.
Tukarudi kwa ushahidi wa kibati kimoja,
ukubwa wa kidole, kinachoelea ubavuni
na kuuliza hewa inatoka wapi.

Chini, nikauchokoa mrija kwa sindano ya kushonea.
Wakatoka sami, rojo la kijani, kijiko hakijai:
wadudu wale wanaopanda toka ziwani kama moshi,
ambao nyanya yangu aliwakanda, akawala kwa chumvi.

Katika fomu, penye "chanzo cha hitilafu",
niliandika neno moja: ziwa.
Musundi akanirudishia kwa wino mwekundu:
fafanua.