Kiti cha Kulia

Ndege hii tuliijenga gerejini,
majira saba ya baridi, mlango umezibwa kwa mablanketi,
Orest nje ya bawa akigonga ribiti,
mimi ndani nimeshika chuma cha kupokea pigo.
Hatukuonana. Tulisikilizana kwa mtetemo.

Matangi mawili, moja kila bawa.
Valvu ina maneno matatu: KUSHOTO, KULIA, FUNGA.
Pamoja, haina.
Basi Orest akanunua saa ya jikoni yenye umbo la kuku,
akaigandisha juu ya dashibodi.
Kila nusu saa kuku alilia, mkono ukageuza valvu.
"Usiponisikia mimi," alisema, "msikie huyu."

Yeye kilo themanini na sita, mimi sitini na moja;
ndege ililalia kwake,
tukaanza na tangi la kulia, siku zote, ili kumpunguza.
Haba na haba, kibaba kikaisha.

Mara moja, juu ya maziwa ya Quill,
tuligombania shamba la kaskazini, kuuza au kutouza,
na kuku hakuna aliyemtia ufunguo.
Injini ikakohoa.
Ikanyamaza.
Upepo tu, na pangaboi limesimama kama kidole cha onyo.
Mkono wangu ulifika kwenye valvu, ukaukuta wake.
Shamba hatukuliuza.

Mwezi wa pili moyo wake ulisimama,
na huo haukuwa na tangi la pili.

Mwezi wa tano nikasukuma ndege nje, peke yangu.
Nilijaza kulia na kushoto sawasawa, kwa haki,
na futi mia tano tu kutoka ardhini ikaanza kwenda mrama:
bawa la kushoto linazama, naliinua, linazama,
saa nzima mkono umekaza usukani
kama ninayemzuia ng'ombe asiingie barabarani.

Friesen wa jirani akaja na ushauri:
"Mfuko wa mchanga. Ufunge mkanda kitini pake.
Wengi hufanya hivyo."
Nikammiminia kahawa.
Nikamwambia kahawa imebaki kidogo, anywe upesi.

Usiku, nyuma ya risiti ya mbegu za kanola, nikapiga hesabu:
uzito wangu, umbali wangu kutoka katikati,
umbali wa tangi. Nikafuta. Nikarudia.
Lita kumi na saba.
Kulia kuzidi kushoto kwa lita kumi na saba,
na mwanamke mmoja anaruka wima.

Nikafanya hivyo. Jumamosi, anga jeupe, baridi bado mitaroni.
Nikaachia usukani, mikono juu ya magoti.
Haikupinda.
Kiti cha kulia kitupu, mkanda umefungwa usigongegonge,
na ndege imetulia kama meza.

Nikaendelea kunywesha injini kutoka kushoto.
Katika kibomba cha kioo petroli ikashuka alama moja.
Kuku akalia.
Nikamwacha alie.
Dakika nane, tisa, na bawa la kulia likaanza kuinama,
taratibu, kama zamani,
upande wake.

Nikaliacha liiname kidogo.
Kisha nikageuza valvu, maana petroli haina mzaha,
nikamtia kuku ufunguo.