Vipimo vya Mwenye Kinga

Huku Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga.
Sijui nani alianza. Nimeshona miaka kumi na tisa
kando ya barabara ya Katuba na bado nacheka:
chuma kisichokukinga na mvua, wala jua, wala lori,
tumekipa jina la ngao.

Wateja wa harusi huuliza, Nitapendeza?
Mwenye kinga huuliza, Itachanika wapi kwanza?

Makalioni. Daima makalioni.
Kwa hiyo naweka kiraka kabla ya tundu,
kitambaa juu ya kitambaa, uzi unakwenda na kurudi
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Mwalimu Yav anafundisha Ruashi.
Hataki nguo ya kuendeshea. Anataka nguo
itakayokana kwamba aliendesha.
Vumbi letu jekundu, shati lake jeupe,
na watoto wa darasa la sita wana macho ya wakaguzi.
Nilimshonea koti la khaki la kuvaa juu,
jepesi, la kukunjwa na kusukumwa chini ya tandiko.
Hulivua nyuma ya choo cha shule,
hupangusa viatu kwa majani,
kisha hutokea mbele kama aliyeshushwa na gari.

Ngalula, muuguzi wa zamu ya usiku:
"Nyinyi mafundi mnadhani mwanamke hana funguo?"
Mifuko, basi. Yenye vifungo, isiyomwaga noti mashimoni.
Na sketi: pana wakati wa kupanda, tulivu wakati wa upepo.
Nikatia vipete vya bolti ndani ya upindo.
Akitembea wodini vinalia kidogo;
wagonjwa humjua kabla hajafika.

Halafu Mwepu.
Mwepu wa makala, magunia manne,
anaondoka msituni saa tisa ya usiku, mwezi wa Juni,
baridi imekalia usukani kama mdai.
Mikononi huvaa soksi nilizozikata vidole.
"Mguu wa kulia ubane," aliniambia,
"mnyororo umeshakula suruali tatu.
Wa kushoto uache, upumue."
Nikashona hivyo, mguu huu fimbo, mguu ule gunia.
Jirani yangu alidhani nimelewa.

Nami, bila kuulizwa, nikaongeza zawadi:
utepe unaong'aa, niliokata kwenye jaketi la mgodini
lililochakaa, nikaupitisha mgongoni.
Malori ya madini yamwone.

Wiki moja. Akarudi na jaketi mkononi.
"Toa."
Malori yananiona, alisema, kweli yanapinda.
Lakini na bariera inaniona.
Zamani nilikuwa giza linalosukuma giza,
nilipita wamelala.
Sasa naanza kung'aa kilomita nzima kabla,
nikifika, mkono umeshanyooshwa.
"Lori litaniua mara moja, fundi.
Bariera inaniua kila Jumatatu na kila Alhamisi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkasi.

Sikuutoa utepe. Niliushonea kope,
ulimi wa kitambaa cheusi, vifungo viwili begani,
vya kufunguka kwa mkono mmoja,
maana mkono wa pili hauthubutu kuacha magunia.
Tulifanya mazoezi hapa barabarani:
Lori! Anafungua. Bariera! Anafunga.
Watoto walitucheka mpaka wakaomba wafundishwe.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Walikuwa wakisema kuni, najua.

Jumanne kifungo cha juu kililegea.
Nilikikaza akiwa bado amelivaa,
uso wangu karibu na shingo yake inayonuka moshi.
Hakuwa na franka. Aliniachia makala,
ya kujaza pasi yangu mara mbili.
Niliyawasha jioni ileile, nikapuliza,
na shati jeupe la mwalimu likanyooka.