Karatasi Arobaini na Moja

Tulipoachana magharibi ile, Barabara ya Nane,
ukuta wa duka la Kidawa ulikuwa umeota magamba:
karatasi arobaini na moja, zimegandishwa kwa ugali,
kila moja na mwandiko wake, kila moja na hasira yake.
"Katibu ni wewe," wakasema, "zipange.
Manispaa wametupa dakika kumi, Jumatano."
Wakapanda baiskeli zao, mafundi na wabeba mikate,
wakaniachia taa, kalamu nyekundu na mbu.

Nilianza kwa kuhesabu, maana kuhesabu hakumuumizi mtu.
Tisa zinataka njia ya baiskeli hadi Mabawa.
Sita zinataka njia hiyohiyo, ila zinatukana.
Moja inataka diwani aendeshe baiskeli wiki nzima
(hiyo nilicheka, nikaiweka chini ya kikombe).
Moja inauliza nani alikula pesa ya kengele.
Na Hiza, peke yake, kumi na moja:
kiwanda cha matairi, mashindano hadi Pangani,
redio yetu wenyewe.

Mhina aliandika kwa vina, kama kawaida yake:

    Njia yetu ni nyembamba
    lori linapotukumba
    mchanga unatukomba
    mbavu na magoti pia

Zuri. Ila Kamati haipimi barabara kwa mizani.
Nikalitoa, nikabakiza neno moja: magoti.

Saa nne umeme ukakatika.
Nimekulia Pongwe, baba akifanya kazi korona;
nayajua majani ya mkonge: mzigo wa kumlemea mtu
unaingia mashineni, unatoka uzi wa kufungia mbuzi mmoja
na maji ya kijani yanayowasha hadi viwikoni.
Hakuna anayeyalilia yale maji.
Mimi usiku ule niliyalilia,
kwa kuwa kila karatasi niliyoibandua
ilitoka na chokaa ya ukuta, na jina la mtu.

Slaidi ya kwanza niliijaza mambo saba.
Nikafuta. Manne.
Kidawa, kutoka chumba cha nyuma, sauti ya usingizi:
"Mtu akija kununua mnyororo hanisimulii safari yake.
Ananiambia: mnyororo, mmoja, bei gani."
Nikafuta yote.

Ndipo nikaiona ya Chambuso, asiyejua kuandika,
chini kabisa, karibu na pampu:
mistari miwili ya mkaa,
lori upande huu, lori upande ule,
katikati magurudumu mawili
na mtoto kwenye keria, miguu ameikunja.
Nikasogeza taa, nikaipiga picha kwa simu.
Hiyo ikawa ya kwanza, bila neno.
Ya pili, namba: walioanguka tangu Ramadhani, kumi na saba.
Ya tatu, ombi: mita moja na nusu, kila upande.
Ya nne sikuitengeneza.

Jumatano Hiza alikuja na shati la Idi.
Akatazama moja, mbili, tatu.
Akasubiri.
"Yangu iko wapi?"
Nikampa bahasha, zote zilizobaki, nimeziandika tarehe.
Akaipima mkononi kama anayenunua samaki,
akaibana kwenye keria, akaifunga kwa tyubu kuukuu.
"Wakikubali," akasema, "dakika ya kumi na moja ni yangu."

Tukazikokota baiskeli kuelekea ofisini,
kwa miguu, upande wa mchanga,
kwa sababu lori lilikuwa linapita.