Mita Ishirini na Nne

Nimeanza na urefu, maana kamba haina maneno mengi:
sita na sita, nne na nne,
na nne nyingine ya ukuta wa kati.
Ishirini na nne.
Upana sentimita ishirini na tatu, kimo thelathini.
Puriben amekalia ndoo iliyopinduliwa, anashona,
macho hayatoki kwenye sindano.

"Huo mkanda utakaa wapi?"
Juu ya msingi, mama, chini ya ukuta.
"Wageni watauona?"
Hapana. Lipu itaufunika, kisha vumbi la Kutch,
kisha mbuzi wako watajisugua hapo.
"Basi nanunua kisichoonekana."
Nikazidisha, nikanyamaza.

Moja nukta sita sita, mita za ujazo.
Lakini hilo ni zege lililokwisha kulowa na kukamatana.
Vitu vikavu vina majivuno, vimejaa hewa;
maji yakiingia, mchanga hujibanza katikati ya kokoto,
saruji katikati ya mchanga.
Kwa hiyo naongeza nusu na chembe:
mbili nukta tano tano.
Sehemu moja saruji, moja na nusu mchanga, tatu kokoto.
Mifuko kumi na minne.

"Ana pesa ya kumi na miwili,"
akasema fundi Velji, akitema ganda la alizeti.
"Na nyati amekwisha kumuuza."

Nondo nne za milimita kumi na mbili,
mbili juu, mbili chini, kuzunguka nyumba nzima.
Na pete za kuzikumbatia, kila sentimita kumi na tano:
mia moja sitini na moja.
Velji akainama sikioni mwangu:
"Weka kila thelathini. Nani ataingia ndani ya zege kuhesabu?"

Uani, matofali ya nyumba ya kwanza yamepangwa,
yamesuguliwa udongo wa zamani, yanangoja kazi.
Nyumba ile haikuwa na mkanda.
Ardhi ilipotikisika, kuta ziliachana
kama ndugu waliogombea shamba,
kila mmoja akaenda upande wake,
na paa likabaki halina wa kulishika.
Mume wake alikuwa anafunga kilemba.
Hakuna aliyelitaja hilo leo.

Puriben alikuwa amesikia.
Akageuza kitambaa, akatuonyesha mgongo wake:
"Hapa nilikuwa na homa, nikaruka nyuzi."
Akasukuma kwa kidole.
Kioo kidogo kikachomoka, kikaanguka miguuni pa Velji,
kikiwa na kipande cha mbingu ndani yake.
"Pete zikae karibu karibu," akasema.

Kisha akainuka, akishika kiuno,
akatembea mpaka katikati ya kiwanja
na kung'oa kigingi cha ukuta wa kati.
"Huu utoe."

Nikafuta. Ishirini kamili.
Mifuko kumi na moja na punje;
kumi na miwili, pamoja na kinachomwagika.
Pete mia moja thelathini na nne.
Na chumba utakigawaje?
Akainua kitambaa chake, kirefu kuliko nilivyodhani,
akaniziba nisimwone.

Siku ya kumwaga tuliagiza boza.
Kisima cha hapa kina chumvi,
na chumvi hula chuma kimyakimya, kama riba.
Velji alichokoa zege kwa kipande cha nondo
mpaka mapovu yakaisha,
na hakuna pete aliyoiruka; nilizihesabu mara mbili,
ya pili akanipa mgongo.
Siku saba tulilaza magunia mabichi juu yake,
Puriben akiamka usiku kuyalowesha.

Mfuko wa kumi na mbili ulibaki robo.
Sijui alikoroga saa ngapi;
asubuhi tulikuta kijukwaa cha mtungi karibu na mlango,
bado kibichi, na alama za vidole vyake vitano.
Daftarini mwangu hakuna safu ya mtungi.
Nimeandika: upotevu.