Ukurasa wa Carlisle

Ngoma ikivuma sana hupasuka, wasema.
Ya Clem Rudkin haikupasuka. Ilififia tu,
mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
hadi jioni moja ya Februari nikaisikia mlangoni kwangu,
Grimsby, nyumba ya nne kutoka kiwanda cha samaki:
gonga mbili, nyamaza, gonga tatu.
Nilimjua kabla sijafungua.

Miaka arobaini na minne nimeifuata Ormskeld.
Sikuwa kimada wa mtu pale, msinielewe vibaya.
Nilikuwa na daftari.
Ijumaa navua glavu, mikono bado inanuka shombo,
nakimbilia treni ya saa kumi na moja.
Nimelala kwenye mabenchi ya kituo cha Crewe, koti ndilo blanketi.
Nimekula chipsi zilizolowa siki huko Preston, huko Wigan,
huko Dundee ambako theluji iliingia ukumbini kwa tundu la paa
na Howell akapiga besi amevaa soksi mikononi.
Yote nimeandika: wimbo wa kwanza, wimbo wa mwisho,
waya uliokatika, nani alilewa,
nani alijitia hajalewa.

Nimeandika siku Neville Tranter alipotupa kipaza sauti
akaenda zake Leicester kuuza vigae.
Nimeandika mazishi ya Howell: watu ishirini na mmoja, na mbwa.
Nimeandika mwaka ule wa mawakili,
bendi mbili za jina moja zikizunguka nchi moja,
nami, juha, nikizilipia zote mbili kiingilio.

Clem hakukaa. Kofia yake ilichuruzika kwenye zulia.
"Averil," akasema, "kuna kijana anaandika kitabu chetu.
Anauliza kuhusu Carlisle. Novemba, sabini na tisa."

Kila mtu alikuwa Carlisle.
Muulize kinyozi, muulize dereva wa basi la shule:
ukumbi wa watu mia tatu umekwisha kubeba elfu tisa
na bado wanaingia.
Usiku ule, wanasema, umeme ulikatika
na Ormskeld wakapiga gizani dakika arobaini,
wala hakuna aliyeondoka.

Nilileta daftari la kijani.
Tarehe, kwa wino wa bluu. Chini yake, hakuna kitu.
Tiketi nilikuwa nayo. Lakini saa nane mchana
walikuja kuniita mashineni: mama ameanguka jikoni.
Usiku kucha nilihesabu matone ya dripu,
ambayo nayo yana mdundo wake,
manne kwa manne, kisha matatu,
kisha muuguzi akaja akaifunga.

"Sikuwepo," nikamwambia.
Akautazama ule weupe muda mrefu.
"Mimi nilikuwepo," akasema, "na sikumbuki.
Nakumbuka wanavyosimulia watu.
Umeme ulikatika kweli? Au ni fyuzi yetu tu iliungua,
tukarudi nyumbani mapema?
Neville ana yake, Howell alikwenda na yake.
Nilikutegemea wewe."

Ningeweza kumwandikia. Najua wangeanza na wimbo gani mwezi ule,
najua ni wapi angeuwahi mdundo kwa nukta moja, ada yake.
Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote:
shubiri moja, toka bakuli la sukari hadi kalamu.

Nikainjika maji ya chai.

Nilipogeuka alikuwa amekaa,
vijiko viwili mkononi, anaipiga meza
taratibu, pembeni mwa ukurasa, kana kwamba anaogopa kuuamsha.
"Huenda ilikuwa hivi," akasema.
Taa haikuzimika. Lori la barafu lilipita mtaani, vikombe vikatetemeka.

Baadaye, alipokwisha kwenda, niliandika chini ya tarehe:
*Clem. Vijiko viwili, meza ya jikoni, miaka mingi baadaye.
Hadhira: mmoja.
Aliuwahi mdundo.*