Tuta kwa Tuta

Kabale, saa tatu usiku, umeme umekatika.
Kyarisiima anaandika kwa mwanga wa simu:
mbili jumlisha tatu, zote mara nne.

Kanuni ya kwanza haina subira.
Ishirini, inasema. Basi.
Kama mgeni aliyeshushwa kileleni kwa gari,
viatu havina tope.

Ya pili hupanda tuta kwa tuta:
mbili na tatu, tano;
tano mara nne,
na hiyo mara nne ilikuwa ikingoja wapi
muda wote huo?
Mfukoni. Deni la kazi iliyobaki.
Akalichora kwa penseli, mstari chini ya mstari,
mpaka mpandaji akafika alipo mgeni.

Akapiga funda la bushera, akajaribu kurudi:
tanguliza hatua moja mbele ya jibu,
jibu libaki lile lile.
Tena moja. Tena.
Ithibati ikajiteremkia yenyewe.

Kisha akaandika kitanzi kisicho na mwisho.
Kanuni ya kwanza ikanyamaza,
wala haikusema kwamba imenyamaza.
Ya pili ikapanda, ikapanda,
haikufika,
ila kila tuta lilikuwa na unyayo.

Umeme uliporudi hakugutuka.
Betri: asilimia nne.